Mama Alianza, Mimi Nikaitikia

Nilisimama, nikataja jina la mama yangu, nikaketi. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, katika ukumbi wa shule yetu ya msingi kule Likoni, shule ya Wakatoliki niliyosoma mpaka darasa la nane na ambayo ndiyo shule pekee niliyosoma. Walikuwa wametuita sisi wanafunzi wa zamani tuje tuwashukuru mama zetu, walio hai na waliotangulia, kwa kutulea katika imani. Wenye mama hai walikaa nao viti vya mbele na kuwafunika mabega kwa leso mpya. Kila mmoja alipewa nafasi ya kusema. Wengi walisema vizuri, wengine wakalia, mmoja akaimba. Mimi nilipofikiwa nilisema, "Mama yangu aliitwa Eufrasia," na maneno mengine yote niliyokuwa nimeyapanga tangu nyumbani Kiembeni yakagoma kutoka. Jesika, ambaye tulikaa dawati moja na sasa ana wajukuu, alinigusa kwa kiwiko. "Vero, ndiyo hayo tu? Umri wote huu na bado unanyamaza?" Nikamwambia ndiyo hayo. Lakini hayakuwa hayo tu, na kwa kuwa karatasi hainikodolei macho, nimekaa nayo kidogo kidogo, jioni baada ya jioni, mpaka yakatoka.

Nilichotaka kusema ni habari za mwaka mmoja, mwaka nilipokuwa darasa la tano. Sitaandika habari za ukoo wetu, wala kwa nini baba na mama hawakuwa wamefunga ndoa kanisani. Hayo yalikuwa yao, na wote wawili sasa wamelala. Inatosha msomaji ajue kwamba kwa sababu hiyo mama yangu hakupokea Komunyo. Kila Jumapili alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, na watu walipopanga foleni kwenda mbele, yeye alivuta magoti pembeni ili wenzake wapite, kisha akainamisha kichwa mpaka wote warudi. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni adabu tu, kwamba mama yangu alikuwa mtu wa kuwapisha wengine.

Tulipanga chumba katika nyumba ya Bi Mwanasiti, mama wa Kidigo aliyeachiwa nyumba na marehemu mumewe. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili kama nyingi za Likoni, ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, na nyuma uani palipokuwa na choo, bafu na pipa la maji. Chumba chetu kilikuwa cha mwisho, kimepakana na uani. Ndani kulikuwa na kitanda cha wazazi chenye pazia la maua, mkeka wangu uliosimamishwa nyuma ya mlango mchana, sanduku la nguo, na ukutani picha ya Bikira Maria iliyokatwa kwenye kalenda, tarehe za mwezi bado zimebaki chini ya miguu yake. Harufu ya chumba kile sijaikuta tena popote. Ilikuwa iliki, hamira, mafuta ya taa, na ule unyevu wa chumvi unaoingia katika kila nguo ya mtu anayeishi karibu na maji. Hadi leo nikipita nje ya jiko la mtu nikasikia iliki inatwangwa, miguu husimama yenyewe, na anayenifuata nyuma hunigonga.

Mama aliuza mahamri. Unga aliukanda jioni kwa tui la nazi, akaufunika uumuke, na kabla ya adhana ya alfajiri tulikuwa uani, yeye kwenye meza ya mbao, mimi juu ya kigoda mbele ya seredani ya makaa. Yeye alisukuma na kukata, mimi nilitumbukiza na kugeuza. Na wakati huo huo tulisali rozari, kwa sababu mama aliamini kwamba mikono ikiwa na kazi akili haipati nafasi ya kutoroka. Rozari yenyewe, ile ya shanga, ilining'inia kwenye msumari chumbani isipate mafuta. Uani tulisali kwa madonge ya unga. Aliyapanga safu kumi kumi juu ya meza, na kila donge alilolichukua kulisukuma lilikuwa Salamu Maria moja. Safu ikiisha, tulijua tumemaliza fumbo moja, na beseni lilikuwa na mahamri ya kutosha kupelekwa barabarani kwa watu wanaowahi feri.

Yeye alianza, mimi nikaitikia. Alisema mpaka penye jina la Yesu, kisha akanyamaza, nami nikachukua, Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu. Katikati ya Baba Yetu alisita, nami nikaomba mkate wetu wa kila siku huku nikitazama hamri linavyofura ndani ya mafuta na kugeuka rangi. Ndivyo sala zilivyokuwa kwangu. Zilikuwa na upande wa mama na upande wangu, kama kitanda cha kamba ambacho hakisukwi na mtu mmoja. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuwa na pande zote mbili. Katikati ya sala zetu Bi Mwanasiti hutoka na birika lake kuchota maji ya kutawadha. "Shikamoo Bibi," nasema. "Marahaba mwanangu. Endeleeni na Mola wenu, msinisimamie." Akirudi kutoka bafuni alichukua hamri lake moja la juu kabisa, akalipuliza, akaingia nalo ndani kulifunika mpaka amalize kusali.

Shuleni mwaka ule tuliandaliwa kupokea Komunyo ya Kwanza. Baada ya masomo, tulipokwisha kunywa maziwa yetu ya shule na kupasua pakiti kwa visigino, tulikwenda chumba kidogo nyuma ya kanisa, na hapo tulifundishwa na Mwalimu Simeoni, katekista wa parokia. Alikuwa Mgiriama mnene mwenye baiskeli iliyolalamika kuliko yeye, na alikuwa na neno ambalo halikumtoka mdomoni, kwamba katekista wa kwanza wa mtoto ni mama yake, yeye Simeoni alikuja tu kupiga pasi nguo ambayo mama ameshaifua. Kwa hiyo mtoto akikosea, hakumchapa wala hakumwita baba. Alimwita mama. Na kabla ya sikukuu ya Ekaristi kila mtoto alisimama peke yake mbele ya wenzake akasali kwa sauti. Aliyeshindwa alingoja mwaka mwingine.

Wenzangu hawakuwa na wasiwasi na sala. Walizungumza viatu. "Mathee ameshaninunulia soksi za lesi," Jesika alisema. Wazazi wake walikuwa wametoka bara, baba yake alifanya kazi kiwandani Changamwe kabla hawajahamia kwetu, na alizungumza upesi upesi kwa maneno ambayo sisi wa pwani tuliyacheka na kisha kuyaiga. "Wewe je, Vero? Au utakuja na malapa?" Mimi nilikuwa nawaza kusimama.

Siku ya kujaribiwa ilipofika, Mwalimu Simeoni alisema, "Veronika. Salamu Maria." Nikasimama, nikakunja mikono, nikangoja. Naye akangoja. Tulingojana hivyo mpaka mtu wa nyuma akaanza kukohoa kikohozi cha uongo. "Anza, mama," mwalimu akasema kwa upole. Nikafungua kinywa, na kilichotoka kilikuwa Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu. Chumba kizima kikacheka. "Ameruka!" wakasema. Jesika akasema, "Huyu amepandia gari njiani!" Mwalimu akawanyamazisha kwa kiganja. "Jaribu Baba Yetu, basi." Nikaomba mkate wa kila siku. Wakacheka tena. "Atukuzwe Baba?" Nikasema, kama mwanzo na sasa na siku zote. "Na huo mwanzo wenyewe, Veronika, umeuacha wapi?" Sidhani alikusudia kuchekesha, lakini wenzangu walipiga madawati, na mimi nilikaa bila kuambiwa. Wakati wa kuondoka alinishika bega. "Mwambie mama yako aje Jumatano."

Nilimwambia wakati wa chakula. Nakumbuka tulikula wali na mchicha wa nazi na kipande cha papa mkavu ambacho mama alikigawa kwa kukichambua nyuzi nyuzi ili kionekane kingi. Baba alikuwa zamu bandarini. Mama alisikiliza mpaka mwisho, mkono wake umesimama juu ya sahani. "Amesema aje mzazi, au amesema aje mama?" Nikasema, mama. Akaosha mikono, na wali wake alikuwa hajaumaliza. Jumatano alivaa leso zake za doti nzuri, zile alizoziweka chini kabisa ya sanduku, akafunga kilemba, akatembea mbele yangu mpaka kanisani bila kugeuka nyuma.

"Hodi, mwalimu."

"Karibu, mama Veronika. Karibu ukae."

"Nashukuru, nitasimama." Alisimama karibu na mlango, kama alivyokaa kanisani kila Jumapili.

"Nyumbani mnasali?"

Mama alitazama sakafu. "Mwalimu, kama ni kwa sababu yangu mimi na nyumba yangu, mtoto hana kosa. Nakuomba yeye asizuiliwe."

"Nimeuliza kama mnasali, mama. Sijauliza jingine."

"Tunasali. Kila alfajiri, tukipika. Mimi naanza, yeye anaitikia."

Mwalimu Simeoni alinitazama mimi, akamtazama mama, na tumbo lake likaanza kutikisika kabla kicheko hakijafika mdomoni. "Lo! Kumbe ndiyo maana! Kila ninapomgusa anaanzia pale pale. Mama Veronika, umempakulia nusu sahani." Mama naye alicheka, kicheko kidogo cha mtu ambaye alikuja amejiandaa kwa kilio. Lakini mwalimu alipomaliza kufuta macho hakulegeza. "Kamwongeze ile nusu nyingine. Ijumaa kabla ya sikukuu nitamsikiliza tena, mbele ya wenzake kama kawaida. Akishindwa atangoja mwaka ujao, na sitaki mama aje kunililia. Kanuni ni moja kwa wote."

Alfajiri iliyofuata nilikaa kwenye kigoda changu, mafuta yakapata moto, mama akapanga madonge yake safu safu. Akachukua la kwanza, akalisukuma, akalikata, akanipa. Hakusema kitu. Nikamtazama. Akachukua la pili. Nilisikia ule mti wa kusukumia ukibingirika mezani, na jogoo wa jirani, na mafuta, na hakuna zaidi. Nikaelewa. Alikuwa ananingoja mimi. Na mimi, ambaye kichwani nilikuwa na maneno yote ya upande wake, kwa maana nilikuwa nimeyasikia kila siku ya maisha yangu, sikuweza kuyatoa. Watu wasio na haya hawajui ugumu wa jambo hili, na sijui kama nitalieleza. Kuitikia ni rahisi. Mwenzako ameshafungua njia, wewe unaingia katika sauti yake na kujificha humo. Lakini kuanza ni kusimama mahali peupe. Kabla hujafungua kinywa kila kitu kimenyamaza, na ukikifungua, kila kitu kitageuka kukutazama, hata kama kilichopo ni meza na beseni na mama yako mzazi.

Mahamri yaliisha bila sala. Kesho yake vilevile. Bi Mwanasiti alitoka na birika lake akasimama katikati ya uani, mtandio begani. "Mbona nyumba hii imekuwa kama ya msiba? Mmegombana?"

"Hatujagombana, Bi Mwanasiti. Namngoja mwenzangu aanze."

"Basi weye wamngoja yeye, yeye akungoja weye, na mimi wallahi nawangoja nyote wawili! Mimi niliwazoea. Nikisikia mwaanza, najua wakati wa maji umefika. Jana nimelala mpaka muadhini akaniona mvivu." Akanigeukia. "Anza basi, mwanangu. Kwani Mola wako humjui jina?" Nikatabasamu, nikageuza hamri ambalo halikuhitaji kugeuzwa. Akatikisa kichwa, akachukua hamri lake, akaingia.

Siku zilipita hivyo. Mama hakunikaripia, hakunikumbusha, na hilo ndilo lililonielemea. Nilianza kuona kwamba kwa sababu yangu nyumba yetu imeacha kusali, na kwamba Bikira Maria wa kalenda ananitazama nikiingia na nikitoka. Shuleni Jesika alijitolea kunifundisha uwanjani. Alinisemesha neno neno, "Sema! Sema kwa nguvu! Aah, wewe ni sufuria lenye kifuniko!" na kila alipoinua sauti, yangu ilirudi ndani zaidi.

Mchana mmoja nilikuwa chumbani nyuma ya pazia, nakunja sare yangu, na mama na Bi Mwanasiti wamekaa ukumbini juu ya jamvi wakichagua mchele. Walidhani nimekwenda dukani.

"Kwani lazima mwaka huu, Mama Vero?" Bi Mwanasiti aliuliza. "Mtoto amjua Mola wake, ana adabu, yatosha. Hiyo mikate yenu si itakuwepo mwaka ujao?"

"Mwaka ujao ni mbali."

"Mbali wapi? Miaka yenda mbio kama watu wa feri."

Nikasikia mkono wa mama ukipitapita katika mchele. Kisha akasema, "Mimi kule kanisani sili, Bi Mwanasiti. Wajua."

"Najua. Ulinambia."

"Tangu niingie chumba hiki na baba yake sijala. Si kwamba sina njaa. Nakaa pale nyuma naona wenzangu wanarudi wamefumba vinywa, nami natazama miguu yao. Basi najiambia, huyu mtoto akila, nyumba yetu imekula."

Nilisikia mchele ukirushwa na kudakwa katika uteo. "Basi mfundishe kwa upole," Bi Mwanasiti akasema mwishowe. "Weye wamnyamazia kama mke mwenza."

"Nikianza mimi, ataitikia. Ndiyo tabu yenyewe."

"Haya. Inshallah atafungua mdomo. Akikataa, niletee mimi nimfinye."

Walicheka wote wawili, lakini mimi nyuma ya pazia nilikuwa nimekumbatia sare yangu na sikucheka. Niliona lile benchi la mwisho. Niliona magoti yakivutwa pembeni. Jambo ambalo siku zote nililiona kwa macho, siku ile ndiyo niliyolijua.

Alfajiri ya kesho yake sikungoja mafuta yapate moto. Mama alipochukua donge la kwanza nilisema, "Salamu Maria." Sauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba makaa yalipasuka kwa kelele kuliko mimi. Mti wa kusukumia ukasimama. Nilikodolea macho seredani, nikaendelea, neno baada ya neno, kama mtu anayevuka mahali penye utelezi, mpaka nikafika penye jina la Yesu. Hapo nikanyamaza, maana hapo ndipo zamu ilipobadilika. Nikangoja. Mama hakuitikia. Nikadhani nimekosea, nikainua macho. Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Kisha akasema, polepole, "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu," na alipofika kwenye maneno ya utuombee sisi wakosefu, sauti ikakatika. Akajifuta shavu kwa kifundo cha mkono, akabaki na unga usoni. Akarudia tena kutoka Maria Mtakatifu, akapita salama, akamaliza. "Haya," akasema, "la pili."

Nimeishi miaka mingi na alfajiri hiyo. Nimeolewa, nimezaa, nimewafundisha wangu sala, na kila tunapofika kwenye maneno yale mimi husikia sauti ya mama inakatika. Katika miaka yote niliyokuwa nimeitikia, nusu ile ya kuomba, nusu inayotutaja sisi wakosefu, alikuwa ameniachia mimi. Yeye alichukua ile ya kumsifu Maria. Labda ilikuwa desturi tu, wakubwa huanza na wadogo huitikia, nyumba nyingi husali hivyo. Labda hakuwahi kulifikiria. Nilikuwa na nafasi nyingi za kumwuliza, hata mwaka wake wa mwisho alipokuwa amelala kwangu Kiembeni na tulikuwa na mchana mzima wa kuzungumza, na kila mara nilizungumza dawa na uji. Ninachojua ni vile alivyoshika ile meza. Siku ile ndiyo niliyomsikia mama yangu akijiombea mwenyewe kwa mara ya kwanza.

Kutoka bafuni Bi Mwanasiti alipaza sauti, "Alhamdulillahi! Sasa nyumba ina watu!"

Ijumaa ilipofika nilisimama mbele ya wenzangu, nikaanza. Sikumtazama mwalimu, nilitazama dirisha. Nilifika penye jina la Yesu nikanyamaza kwa mazoea, na kabla sijakumbuka kwamba natakiwa kuendelea peke yangu, Mwalimu Simeoni, aliyekuwa amefumba macho, akaitikia kwa sauti yake nzito mpaka Amina. Akafumbua macho. "Vyema. Kaa."

"Mwalimu!" Jesika akaruka. "Amesema nusu tu!"

"Ile nusu nyingine aliisema siku ile mlipokuwa mnacheka. Mimi niliisikia. Wewe hukuisikia kwa kelele zako. Anayefuata."

Jesika alivimba mashavu mpaka tulipotoka nje, kisha akaniuliza, "Sasa una viatu?" Nilikuwa na viatu, vya kuazima, vimejazwa pamba mbele. Na gauni nililipata mahali ambapo sikutarajia. Bi Mwanasiti alimwita mama chumbani kwake akamtolea kanzu nyeupe ya marehemu mumewe, iliyokunjwa na karafuu ndani. "Aliivaa Idi mbili tu. Ikate hii." Mama alikataa, akarudishwa, akakataa tena. "Mama Vero, nguo haina dini, na marehemu alikuwa mpole, hatauliza." Waliikata mezani pale pale pa mahamri, wakashona gauni kwa cherehani ya Bi Mwanasiti, mmoja akizungusha gurudumu na mwingine akiongoza kitambaa, wakibishana urefu wa mikono. Tarizi ya shingoni waliiacha. Jumapili hiyo hakuna msichana mwingine aliyekuwa na shingo kama yangu.

Desturi ya parokia yetu ilikuwa kwamba siku hiyo mama humleta mtoto wake mpaka mbele, mkono begani, anataja jina lake kwa padri, na mtoto akishapokea, mama hupokea baada yake. Nilikuwa nimeogopa wiki nzima kwamba mama atabaki benchi la mwisho na kunituma peke yangu. Hakubaki. Zamu yetu ilipofika nilisikia mkono wake umenishuka begani, wa moto, na tukatembea pamoja ule mwendo wote wa katikati ambao sikuwahi kumwona akiutembea. Watu waliomjua walitazama. Mbele ya padri alisema, "Veronika," kwa sauti iliyosikika hadi mlangoni. Nikafungua kinywa, nikapokea. Na hapo mkono ulitoka begani mwangu. Nilipogeuka alikuwa amesogea kando hatua chache, ameinamisha kichwa, ili mama Jesika na Jesika wapite.

Baba alipofariki, miaka mingi baadaye, mama alirudishiwa sakramenti, na tulipokea pamoja Jumapili nyingi, bega kwa bega. Nashukuru kwa hizo. Lakini ninapomtamani mama yangu, na siku hizi namtamani hata nikiwa nimekaa na watu, nikicheka nao, simtamani yule bibi wa mwisho mwenye amani zake. Namtamani yule wa mchana wa Jumapili ile.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, jua la saa sita. Bi Mwanasiti alikuwa amepika pilau, uani kumetandikwa mkeka, majirani wameanza kukaa. Nilikimbilia mtungi nikanywe maji. "Vero," mama akaniita kutoka chumbani.

"Abee, mama."

"Usinywe kwanza. Njoo hapa kwenye mwanga."

Nikaingia. Alifungua dirisha lote, akakaa ukingoni mwa kitanda, akanivuta nisimame katikati ya magoti yake. "Komunyo ilinata juu, kwenye kaakaa?"

"Ndiyo."

"Ukaibandua kwa ulimi?"

Nikaogopa. "Ndiyo, mama. Ni vibaya?"

"Si vibaya. Hata mimi nilifanya hivyo." Alinishika kidevu kwa vidole viwili. "Fungua kinywa nione."

Nikafungua. Aliinama karibu mpaka nikasikia pumzi yake, akakigeuza kichwa changu kuelekea dirishani, akatazama ndani. Hapakuwa na kitu cha kuona, meno tu na ulimi wa mtoto mwenye kiu. Shingo ilianza kuniuma lakini sikusogea, kwa sababu sikuwahi kumwona akitazama kitu namna ile.

"Mama Vero!" Bi Mwanasiti aliita kutoka uani. "Chakula chapoa! Wageni wangoja!"

Mama hakuitikia. Alikuwa bado anatazama.